Lisemwalo Lipo? Ndugu Akifungwa kwa Kosa Asilolitenda

Ngamiani, Tanga, mtu akishapanda karandinga kuelekea gereza la Maweni, baraza la mtaani nalo hutoa hukumu yake: "Lisemwalo lipo." Methali tamu, lakini si ushahidi. Mwaka 1980, katika shauri la mtu aliyeitwa Waziri Amani (ni jina, si cheo), Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu kabisa, usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kumfananisha uondoke. Shahidi alimwona kwa muda gani, umbali gani, kwa mwanga upi? Mtu mkweli kabisa hufananisha. Kwa hiyo mama anayesema "mwanangu alilala kwangu" hajamwita mwongo jirani aliyetoa ushahidi kwamba alimwona.

Na eti mama hawezi kumtolea mwanawe ushahidi! Hii ndiyo inayoniudhi zaidi. Hakuna sheria inayomzuia. Undugu peke yake haufuti ushahidi. Mahakama hupima kama anasema kweli (ndiyo maana kukaa sebuleni kupanga maneno yafanane ni kumchimbia kaburi). Kinachoharibu ni kuchelewa. Utetezi kwamba mshtakiwa hakuwepo eneo la tukio hutolewa taarifa kabla kesi haijaanza kusikilizwa, au walau maelezo yake kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi. Ukiibuka baadaye, mahakama inaweza isiupe uzito wowote. Lakini familia hukaa kimya "tusijianike", kisha husema yote siku ya hukumu, nje, wakilia.

"Tungoje yapoe." Hayapoi. Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, notisi ya kusudio la kukata rufaa ni ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu. Muda unaweza kuongezwa kwa sababu ya msingi, na kwamba mjomba alikuwa bado anachangisha hela ya wakili ni sababu ya kubahatisha. Mfungwa anaweza kupeleka karatasi zake kupitia mkuu wa gereza, wakili awepo asiwepo.

Msamaha wa Rais? Humfungulia mlango, lakini si mahakama kusema hakutenda. Kutengua hatia ni kazi ya rufaa.

Basi ukienda kumwona, ukishakabidhi sabuni na dawa ya mswaki, muulize kama ameshatia dole gumba kwenye notisi, na tarehe ngapi.