"Mnalipwa na Nani?": Yanayosemwa na Yaliyopo Kuhusu Wanaojitolea kwa Vijana wa Mitaani Mombasa

Alhamisi moja baada ya isha tulikuwa Mwembe Tayari tukiwamiminia chai vijana wanaolala mitaani, dereva wa matatu akasimama kando yetu, akashusha kioo. "Nyinyi mnalipwa na nani?" Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua tu, kama anayeuliza bei ya viazi karai. Tukamwambia hatulipwi. Akacheka, akapandisha kioo, akaenda zake na jibu lake mwenyewe.

Dhana: Nyuma yao kuna mfadhili.

Usiku ule mfadhili wetu alikuwa mchango wa M-Pesa wa watu tisa. Mwengine katuma mia mbili, mwengine hamsini na "samahani, mwisho wa mwezi". Zikatoka chupa nne za chai ya tangawizi na ndoo ya mahamri. Vikundi vingi vya mjini ndivyo vilivyo: vijana wa msikiti, kwaya ya kanisa, majirani wa mtaa mmoja. Mashirika yenye wafadhili yapo pia, na sheria yake ipo: ile ya mashirika ya manufaa ya umma ilipitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024, baada ya kukaa kabatini miaka kumi na zaidi. Wala sikatai kwamba wapo waliofungua ofisi kwa jina la watoto wakanunua gari. Hao ndio wanaomfanya dereva yule acheke.

Dhana: Mwenye nia safi hatafuti chochote.

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, maana husemwa na watu wema. Neno lenyewe lachangia: kujitolea, kana kwamba kama hujapoteza kitu basi hujajitolea.

Mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani, E. Gil Clary na Mark Snyder, pamoja na wenzao, walichapisha dodoso la kupima kwa nini watu hujitolea. Walipata sababu sita: imani na maadili ya mtu, hamu ya kujifunza, kujiona una thamani, kujijenga kikazi, kuwa pamoja na watu wako, na kukimbia machungu yako mwenyewe. Hesabu ni ngapi kati ya hizo zinamhusu mwenzako na ngapi zinakuhusu wewe. Miaka mitatu kabla, Snyder na Allen Omoto walikuwa wamewafuatilia watu waliojitolea kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, wakakuta kwamba waliodumu zaidi ni wale waliokuwa na sababu zinazowahusu wao wenyewe, kama vile kujifunza na kujiheshimu.

Mimi sikuhitaji dodoso kuyaona hayo. Kwetu yuko msichana wa chuo aliyekuja kutafuta saa za mafunzo ya ustawi wa jamii. Saa zilikwisha, yeye yuko. Yuko mzee mstaafu wa bandari anayesema nyumba imekuwa kimya tangu mkewe afariki. Yuko mama aliyempoteza mwanawe, na hatujamuuliza zaidi ya hapo. Mimi? Rafiki alinialika, nikapenda mazungumzo ya kurudi nyumbani usiku. Ndiyo hivyo tu. Waliokuja wakibubujikwa na machozi siku ya kwanza, wengi sikuwaona wiki ya tatu.

Ramadhani ndiyo kipimo kizuri. Mwezi ule mikono inazidi sufuria: futari, tende, sambusa, mpaka vijana wenyewe wanachagua. Ikiingia mfunguo mosi, tunarudi wale wale. Sisemi kwamba thawabu ni sababu mbaya. Nasema tu mwenye sababu ya mwezi mmoja hukaa mwezi mmoja, na njaa haifuati mwandamo.

Dhana: Ni kazi ya wenye nacho.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Anayetuuzia mahamri huongeza kumi kila wiki bila kuandikwa popote, na anayejua nani kalala baraza ya duka gani ni kijana aliyewahi kulala hapo hapo. Bila yeye tungegawa chai kwa walinzi.

Dhana: Wale ni mateja, mnapoteza wakati.

Chokoraa na teja si mtu mmoja, ingawa mjini majina haya hutupwa pamoja. Chokoraa kaitwa kwa kazi ya mikono yake, kuchokora jaa akitafuta chupa, chuma au mabaki ya chakula. Teja ni aliyenaswa na unga, yaani heroini, na wengi wao wana nyumba na mama anayewasubiri. Kwa unga kuna tiba ya methadone, dawa anayopewa mtu badala ya unga, iliyoanza kutolewa Kenya mwisho wa 2014. Gundi ni habari nyingine. Ni ile ile ya fundi viatu, na mvuke wake unalewesha ubongo haraka na kuua njaa na baridi kwa muda. Kijana anayevuta saa tano usiku mara nyingi anavuta ili alale. Ukimfikia na chai ya moto mapema, chupa ya gundi huweza kukaa mfukoni saa mbili zaidi. Si ushindi mkubwa, lakini ni saa mbili ambazo unaweza kuzungumza naye.

Na si wavulana peke yao. Serikali ilipowahesabu wanaoishi mitaani mwaka 2018, ilipata watu 46,639 nchi nzima, na Mombasa ikawa ya pili baada ya Nairobi. Ndani ya hesabu hiyo kuna wasichana, kina mama na watoto wachanga. Wasichana hawaonekani kwa sababu ifikapo usiku wanajificha, na wana sababu.

Dhana: Kazi yenu ni kugawa chakula, kisha kuwapeleka makao.

Makao ya watoto yenyewe yanapunguzwa. Mkakati wa taifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudi kwenye familia au walelewe na jamii. Na kijana wa miaka kumi na tisa hachukuliwi na makao yoyote ya watoto. Chai inatufungulia mazungumzo; kazi ni karatasi.

Hili watu hawaliamini mpaka walione. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, huna M-Pesa, na langoni pa mjengo wanakotaka uache kitambulisho ndipo uingie, unarudishwa. Ili upate kitambulisho unahitaji cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi. Ukizaliwa bila kuandikishwa, miezi sita ikapita, wewe ni usajili wa kuchelewa: barua ya chifu, kadi ya kliniki, kitu cha shule. Haya, kadi ya kliniki itafute kwa mtu aliyetoka nyumbani na miaka tisa.

Kijana mmoja, tumwite wa kona, tumezunguka naye tangu Machi. Ofisi ya kwanza ilitutuma ya pili, ya pili ikasema turudi ya kwanza na mzazi. Mama kafa. Baba hajulikani. Mzee wetu wa bandari, ambaye alikuwa akipigana na makarani wa forodha kabla sisi hatujazaliwa, ndiye anayefurahia foleni hizi. Huvaa shati la mikono mirefu na kubeba faili kama wakili. Yeye ndiye aliyegundua kuwa kuna nyanya yuko hai, Kaloleni, mwenye kitambulisho chake.

Tulimpigia. Akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama mtoto bado anapenda mbaazi. Jumamosi wanaenda wawili, mzee na kijana, na faili.