Je, wajua kwa nini ukila chapati au mkate mwili unatetemeka baadaye? Ni gluteni au ni sukari?

Swali hili siku hizi linaulizwa sana. Mtu anasema mimi nikinywa chai na chapati asubuhi tumbo linajaa gesi, baadae nasikia usingizi mzito, alafu ikifika saa nne saa tano mikono inatetemeka, jasho jembamba linanitoka, moyo unadunda, njaa inakuja ghafla utadhani sijala tangu jana, hivi hii ni gluteni? Na wa kwanza kujibu anamwambia acha ngano kabisa. Mimi ushauri huo unanipa wasiwasi sana, manake dalili alizozitaja hapo zinatoka sehemu tofauti, kuna ambazo gluteni haihusiki nazo hata kidogo na kuna ambazo inahusika kweli tena kwa uzito, na mtu akiacha ngano kabla ya kupimwa anaweza kukosa majibu aliyokuwa anayatafuta (hili ntalieleza huko chini).

Tuanze na gluteni yenyewe. Ukitaka kuiona kwa macho kanda unga wa ngano na maji tu bila mafuta, ukande vizuri mpaka donge lilainike, liache litulie kidogo, alafu litumbukize kwenye bakuli la maji uendelee kulikanda humo humo. Maji yatageuka meupe, mwaga, weka mengine, kanda tena, mpaka maji yakae masafi. Kitakachobaki mkononi ni kidonge kidogo kinachonata na kuvutika, ndo gluteni hiyo. Jambo hili si geni, Jacopo Beccari wa kule Bologna, Italia, aliwaeleza wasomi wenzake kuhusu kutenganisha unga hivi tangu mwaka 1728. Na yale maji meupe uliyomwaga ni wanga. Kwenye unga mweupe wa ngano wanga ni zaidi ya asilimia 70, protini ni kama asilimia 10 hadi 12 hivi, na sehemu kubwa ya hiyo protini ndo gluteni. Ndo inayofanya chapati isukumwe ikawa nyembamba bila kuchanika, na mkate uumuke ukae juu. Shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano) nazo zina protini za ukoo huo huo. Mahindi, mchele, mtama, ulezi, uwele, muhogo, viazi, magimbi na ndizi hazina.

Sasa shika hapo, manake jibu la nusu ya swali liko kwenye yale maji meupe. Gluteni ni protini, mwili ukiimeng'enya unapata vipande vya protini, haigeuki kuwa sukari ya haraka kwenye damu. Wanga ndo unageuka kuwa glukosi, na wanga wa unga mweupe uliokobolewa unageuka haraka sana. Slesi moja ya mkate mweupe ina wanga kama gramu 13 hadi 15, kijiko kimoja cha chai cha sukari ni gramu 4, sasa piga hesabu mtu kala slesi nne na kikombe cha chai chenye vijiko vitatu, hajala yai, hajala maharage, hajagusa mboga, ni wanga mtupu umeingia kwenye tumbo tupu. Sukari kwenye damu inapanda ndani ya nusu saa mpaka lisaa, kongosho linaona hiyo kasi linatoa insulini nyingi, insulini inasukuma glukosi iingie kwenye seli, na kwa baadhi ya watu inasukuma kupita kiasi au inachelewa alafu inakuja kwa wingi wakati chakula kimeshaisha. Ndo hapo masaa mawili mpaka manne baada ya kula sukari inashuka, mwili unashtuka, unatoa adrenalini ili ini liachie akiba ya sukari, na adrenalini hiyo ndo inaleta kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na njaa ya ghafla. Inawapata hata watu wasio na kisukari, na inawapata sana waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo manake chakula kinashuka kwenye utumbo kwa kasi.

Ila hapa kuna jambo muhimu, watu wengi wenye dalili hizi wakipima sukari wakati wanatetemeka wanakuta iko kawaida tu. Dalili ni za kweli, mtu hajitungii, ila sukari haijashuka kiasi cha kuitwa imeshuka. Ndo maana nasema ukiweza pima pale pale dalili inapokuja, glukomita (kimashine kidogo cha kupima sukari kwa tone la damu) siku hizi ziko kwenye maduka mengi ya dawa. Ikisoma chini ya 3.0 (hapa natumia kipimo cha mmol/L) basi imeshuka kweli kweli na unahitaji daktari atafute sababu. Na ukipima masaa mawili baada ya kula mtu asiye na kisukari anatarajiwa awe chini ya 7.8, ukikuta unapita hapo mara kwa mara hiyo ni taarifa nyingine ya kumpelekea daktari mapema.

Kitu kinachonishangaza kila nikikisoma ni hiki. David Jenkins wa Toronto, yule aliyeongoza timu iliyoleta ile namba ya kupima vyakula vinapandisha sukari kwa kasi gani mwaka 1981, alikuja na wenzake mwaka 1987 wakachukua unga wa ngano wakautoa gluteni wakaoka mkate, wakalinganisha na mkate wa kawaida. Mkate usio na gluteni ndo uliopandisha sukari zaidi! Sababu ni kwamba gluteni inazizunguka chembe za wanga, vimeng'enya vinachelewa kuzifikia, ukiiondoa wanga unabaki wazi unameng'enywa kwa kasi. Kwa hiyo mtu anayeacha mkate wa ngano na kununua ule wa supermarket ulioandikwa hauna gluteni, ambao mara nyingi umetengenezwa kwa unga wa mchele, wanga wa mahindi na wanga wa viazi, nyuzinyuzi kidogo, anaweza kujikuta sukari inapanda zaidi kuliko mwanzo, tena ameununua kwa bei kubwa.

Na kuna njia rahisi ya kujichunguza kabla ya kuilaumu ngano. Je ukila wali mweupe sahani imejaa na soda, au chipsi kavu, au ugali wa sembe mkubwa na kamchuzi kidogo, unapata kutetemeka kule kule? Kama ndio basi gluteni haina kosa, haimo kwenye vyakula hivyo, tatizo ni wingi na kasi ya wanga. Hapo dawa iko jikoni, punguza kipimo, anza na mboga na yai au maharage au samaki alafu ndo umalizie na wanga, punguza sukari kwenye chai, kula dona badala ya sembe. Watu wengi wanaona tofauti mapema tu.

Lakini, na hii lakini ni kubwa, msije mkasema basi gluteni ni kelele za Wazungu. Kuna watu gluteni inawaumiza kweli. Ugonjwa unaitwa siliaki, unakadiriwa kuwapata kama mtu mmoja katika kila watu mia duniani na wengi hawajui kama wanao. Sio aleji wala sio tumbo kukataa chakula, ni kinga ya mwili yenyewe inachanganyikiwa. Vipande vya gluteni haviishi kumeng'enywa vizuri hata kwa mtu mzima wa afya, vinabaki virefu virefu, vinapita kwenye ukuta wa utumbo mdogo, na kwa mtu mwenye jeni fulani (zinaitwa DQ2 na DQ8) kinga inaviona ni adui, inaanza vita, na kwenye vita hiyo inashambulia na utumbo wenyewe. Ndani ya utumbo mdogo kuna vinyweleo vidogo vidogo vilivyosimama kama manyoya ya zulia, kazi yake ni kunyonya chakula, vinasagika mpaka panakuwa bapa. Ukishafika hapo unakula unashiba ila chuma hakiingii, folati haiingii, kalsiamu haiingii. Kwa hiyo mwenye siliaki anaweza asiharishe hata siku moja, akaja hospitali na upungufu wa damu usioisha kila akipewa vidonge vya chuma, au mifupa imekuwa laini, au mimba zinaharibika, au mtoto harefuki, au ana malengelenge yanayowasha vibaya kwenye viwiko, magoti na makalio. Huko kwenye ngozi mtu anaweza kupakwa dawa za fangasi tu, kumbe chanzo ni hicho.

Aliyegundua kwamba ngano ndo chanzo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aliyekuwa The Hague. Alishaanza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930, kisha wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ikaja njaa mbaya ya majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, mkate ukawa adimu hasa magharibi mwa nchi, na watoto wenye ugonjwa huu ambao kwa kawaida ndo wangekuwa wa kwanza kufa, hali zao hazikuzidi kuwa mbaya kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1950 akaandika utafiti wake akaeleza. Kabla ya hapo watoto walikuwa wanalishwa ndizi kwa wingi kama tiba, na walikuwa wanapata nafuu kweli, ila madaktari walidhani ndizi ndo dawa, kumbe kilichowasaidia ni kutokula mkate! Na huu sio ugonjwa wa Wazungu pekee, kiwango cha juu kuliko vyote kuwahi kuandikwa kilikutwa Afrika hii hii kwa watoto wa Kisaharawi (watu wa Sahara Magharibi) walioko kwenye kambi za wakimbizi Algeria, zaidi ya watoto watano katika mia. Kwetu huku chakula kikuu kimekuwa mahindi, ndizi na mihogo, lakini mijini mtoto anaamka na mkate, shuleni anakula maandazi, jioni chapati, na ukimtajia mtu siliaki anakuuliza ndo nini.

Sasa huu ugonjwa na sukari unaungana wapi? Unaungana kwenye kisukari cha aina ya kwanza, kile cha kutumia insulini ambacho mara nyingi kinaanza utotoni. Nacho kinga ya mwili ndo inashambulia, safari hii kongosho, na jeni zinazohusika ni zile zile za DQ2 na DQ8. Ndo maana kati ya wagonjwa mia wa kisukari hicho kama sita hivi wanakutwa na siliaki pia. Na hapa gluteni inaweza kushusha sukari kwa mlango wa nyuma: utumbo umeharibika, mtoto anachomwa insulini kulingana na chakula alichokula, lakini chakula hakinyonywi chote, insulini inabaki nyingi kuliko sukari iliyoingia, mtoto anaanguka. Mzazi mwenye mtoto wa hivi anayeshuka sukari mara kwa mara bila sababu inayoeleweka, haongezeki kilo, tumbo linamsumbua, tafadhali muulize daktari kuhusu kupima siliaki. Na akianza kuacha gluteni utumbo ukapona mahitaji ya insulini yanaweza kupanda, kwa hiyo dozi inabadilishwa na daktari, usijaribu mwenyewe nyumbani.

Kuna na kundi la katikati, wanaovimba tumbo na kuumwa kichwa wakila ngano ila siliaki hawana na aleji ya ngano hawana. (Aleji ni nyingine kabisa, inakuja ndani ya dakika mpaka masaa machache na vipele, midomo kuvimba, kifua kubana, hiyo unakimbilia hospitali.) Kundi hili Oslo walilichunguza, matokeo yakatoka 2018, watu 59 wakapewa vitafunwa vya aina tatu bila kujua kipi ni kipi, kimoja kina gluteni, kimoja kina fruktani ambayo ni aina ya wanga uliomo kwenye ngano, kimoja hakina vyote. Kilichowavimbisha zaidi kilikuwa fruktani! Na fruktani imejaa kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu, sasa fikiria mtu kaacha chapati lakini kila siku anakula mchuzi wa vitunguu vinne na anashangaa gesi haiishi.

Kuhusu kupima. Kipimo cha damu kinaitwa tTG-IgA, kinatafuta silaha ambazo kinga imetengeneza, kikionyesha ndio kwa kawaida daktari wa tumbo anaingiza kamera na kuchukua kipande kidogo cha utumbo. Ukishaacha ngano miezi kadhaa silaha zinapungua, utumbo unaanza kupona, kipimo kinasema huna wakati unao. Kwa hiyo endelea kula kawaida mpaka upimwe. Sio hospitali zote zina kipimo hiki, uliza kwenye maabara kubwa za mijini au hospitali ya rufaa.

Na kama umepimwa ukakutwa na siliaki, gluteni unaacha maisha yote na hapa kwetu uwe makini na vitu ambavyo huvishuku: unga wa lishe wengi wanachanganya ngano humo humo na mahindi, ulezi na soya, soya sosi nyingi zina ngano, bia ya shayiri inahesabika, kuku wa kukaanga anaweza kuwa amepakwa unga, na chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga sambusa nazo usile. Mashine ya kusaga nayo uliza kabla yako imesaga nini. Vitumbua vya mchele na mkate wa kumimina wa mchele unakula bila shida ilimradi aliyepika hajaongezea ngano ili vishikane, na wapo wanaoongeza, kwa hiyo muulize mama lishe moja kwa moja, mwambie ni ugonjwa, atakuelewa.