Mimea Njoo Nayo, Kauri na Vigae Viache Vilipo

Likizo ya Agosti ikifika, mapokezi ya makumbusho yetu hapa Pwani ya Kenya hugeuka mahali pa mabishano. Mzazi amemleta mwanawe kwenye programu ya mazingira na sanaa, mtoto ana kikapu cha vitu alivyokusanya, na mlinzi amekataa nusu ya vilivyomo. Lalamiko ni lile lile: "Si ameviokota tu?" Nia ni njema, hilo tunalijua. Lakini kuokota si kibali.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inahesabu unyoya, yai, jino, ngozi na mfupa wa mnyamapori kuwa nyara, na haiulizi kama mnyama alijifia mwenyewe. Kukutwa na nyara bila kibali ni kosa chini ya kifungu cha 95: faini isiyopungua shilingi milioni 1, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Kwa viumbe walio hatarini kutoweka, kasa wakiwemo, adhabu ni nzito zaidi. Afisa wetu hawezi kukuhalalishia gamba la kasa kwa kulipokea mlangoni. Manyoya ya kuku hayana tatizo lolote. Watoto huyachora vizuri sana.

Kauri na makombe mengine matupu ya baharini nayo yana wenyewe, kwani wapo kaa wanaohamia humo kukinga miili yao laini. Ndani ya hifadhi za baharini za Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, kukusanya makombe ni marufuku. Tena wapo konokono wa baharini wenye umbo la pia ambao wakiwa hai hudunga sumu inayoweza kuua. Mtoto asishike kombe asilolijua.

Vigae, yaani vipande vya vyungu vya kale, hasa vya magofu kama ya mji wa Gede, ndivyo vinavyotuumiza zaidi. Kigae hueleza habari kikiwa pale kilipolala: tabaka lake la udongo na vilivyo kando yake. Kikishang'olewa ni kipande cha chungu tu. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inamtaka aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, akieleza mahali hasa na namna alivyokipata. Usichimbe. Piga picha ukiweka sarafu kando iwe kipimo, kisha utuone.

Kilichobaki ni mimea, nayo inatosha kwa likizo nzima. Ichukueni nyumbani au shambani kwenu, si katika misitu ya Kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambako hata tawi halikatwi bila idhini ya wazee. Mnyaa, ule mmea wa uzio wenye utomvu mweupe, uacheni. Utomvu wake ukiingia jichoni, suuza kwa maji mengi safi na mwende hospitali.

Kata tawi la sentimita 30 au chini ya hapo, lenye majani na ua au tunda. Jani peke yake halitusaidii, maana mimea mingi hutofautishwa kwa maua. Litandaze ndani ya gazeti siku hiyo hiyo kabla halijanyauka, jani moja ligeuzwe mgongo uonekane. Weka kadibodi juu na chini, kisha ubane kwa mawe ya kilo 10 hivi. Badilisha gazeti kila siku kwa siku tatu za kwanza. Hapa ndipo wengi hushindwa: kwa unyevu wa Pwani, gazeti lisilobadilishwa huota kuvu upesi, na majani huwa meusi. Kwa kawaida tawi hukauka kati ya siku 7 na 10. Ukiligusisha shavuni na kulihisi baridi, bado lina maji.

Andika kwa penseli, kwa kuwa wino hutapakaa ukilowa: mahali, tarehe, kimo cha mmea, jina lake la kienyeji na rangi ya ua. Rangi hupotea mmea ukikauka, na hakuna atakayeikumbuka.

Ndiyo maana tunachora kabla ya kubana. Rangi tunatengeneza wenyewe: kijiko 1 cha gundi ya mgunga iliyosagwa, vijiko 2 vya maji ya uvuguvugu, na matone machache ya asali ili isipasuke. Acha gundi iyeyuke usiku kucha, chuja kwa kitambaa, kisha changanya na udongo mwekundu uliochekechwa au mkaa uliosagwa laini kama poda. Gundi ikizidi, rangi hubanduka. Ikipungua, hufutika kwa kidole. Binzari ya manjano huvutia watoto, lakini hupauka haraka juani, kwa hiyo picha hiyo isitundikwe mkabala na dirisha.