Ukiweka skrini mpya kwenye ndege, usiache vibandiko kwenye bati la zamani

Dashibodi ya Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, ikifumuliwa ili mita za mishale zipishe skrini za dijitali, fundi hutoa bati la zamani na kukata jipya. Mita huhifadhiwa na nyaya huandikwa namba, lakini vibandiko vya mipaka na maonyo kwa rubani vilivyogandishwa kwenye bati lile huenda nalo chakavuni. Ndege hurudi ikimeremeta, ila kisheria haifai kuruka.

Kibandiko kinachotakiwa kisheria ni sehemu ya ndege kama ilivyoidhinishwa, sawa na propela yake. Huko Marekani, ilikothibitishwa ndege hii, kifungu cha 91.9 cha kanuni za usafiri wa anga kinakataza kurusha ndege bila kufuata mipaka iliyo kwenye mwongozo, alama na vibandiko. Ikisajiliwa Tanzania au Kenya, mabadiliko yatapitia mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, yaani TCAA au KCAA, lakini vibandiko vya asili vitatokana na nyaraka zilezile za aina ya ndege.

Wengi hudhani skrini inaonyesha kila kitu. Sivyo. Chukua toleo la 172N: kasi ambayo ukiipita hupaswi kuvuta usukani hadi mwisho ni noti (maili za baharini kwa saa) 97 kwa uzito wa ratili 2,300. Kasi hiyo haina rangi yake kwenye kipima mwendo, iwe cha mshale au cha skrini. Inakaa kwenye kibandiko cha dashibodini, yaani hasa pale panapokatwa.

Kwa hiyo kazi ianze kabla bisibisi haijashikwa. Piga picha dashibodi nzima, lakini usiitegemee picha peke yake, maana ndege iliyoruka miaka 45 huenda ilishapoteza vibandiko kadhaa. Soma hati ya data ya aina ya ndege (ya Cessna 172 ni 3A12), sehemu ya pili ya mwongozo wa rubani, maagizo ya lazima ya usalama, na karatasi za kila badiliko lililowahi kufanywa. Cheti cha STC cha skrini, yaani idhini ya kubadilisha ndege ili kuifunga, nacho huweza kudai vibandiko vyake. Kibandiko cha asili huondolewa pale tu nyaraka zilizoidhinishwa zinaposema hivyo.

Vipimo ndivyo vinavyotega watu zaidi. Cessna 172 za zamani zilitumia maili kwa saa, na mwisho wa kasi ya kuruka na flapu (vibao vya nyuma ya bawa) chini ulikuwa maili 100. Skrini mpya ikipangwa kwa noti huku kibandiko kikibaki cha maili, rubani atashusha flapu akiona 95, akiamini yuko salama, kumbe ni maili 109. Ama skrini ipangwe kwa kipimo cha nyaraka za ndege, ama vibandiko vipya vyenye noti vipate idhini. Usipige hesabu mwenyewe na kuchapisha.

Dira ya maji ikibaki juu ya dashibodi, kadi yake ya makosa, inayoonyesha dira inapotoka kiasi gani kila upande, haifai tena, kwa sababu umeme wa vifaa vipya hubadilisha sumaku inayoizunguka. Pima upya injini ikiwaka, redio na skrini zikiwa zimewashwa, kwa hatua zisizozidi digrii 30, ambazo ni pande 12. Kosa likizidi digrii 10 upande wowote, tafuta chanzo. Mara nyingi ni skrubu ya chuma au waya uliopita karibu mno.

Kibandiko chenyewe kiwe cha plastiki iliyochongwa au vinaili, kwani karatasi hupauka kwa jua. Maneno yafuate nyaraka neno kwa neno.

Kabla ya kutia saini, fundi akae kwenye kiti cha rubani, asogeze kiti mbele na kuweka usukani katikati. Kibandiko kilichofichwa na usukani kihamishwe.