Nesi aliyefundishwa kwa gemu sio nesi feki

Ile meseji ya "manesi siku hizi wanacheza gemu tu chuoni, wodini hawajui kitu" imerudi tena kwenye magrupu, mi nshaipata mara tatu. Jamani, sio hivyo.

Gemu, yaani mchezo wa kujifunzia darasani, haichukui nafasi ya wodi. Inaongezwa juu ya masomo ya kawaida, mwanafunzi bado anaenda kwa wagonjwa akiwa na msimamizi, bado anafanya mitihani ya vitendo, na leseni haipatikani kwa kushinda gemu. Chukua gemu ya hesabu ya dozi: mgonjwa kaandikiwa miligramu 250, chupa inasema miligramu 125 kwa kila mililita 5, saa inakimbia na timu pinzani inasubiri ukosee. Jibu ni mililita 10, ila ukikosea hapo hakuna anayeumia, unarudia hata mara ishirini mpaka iingie kichwani, kisha mwalimu anakaa nanyi mnachambua mmekosea wapi na kwa nini. Hayo mazungumzo ndo somo lenyewe, bila hayo gemu ni kelele tu kwa kweli.

Watu wanachanganyikiwa sababu neno gemu linawaletea picha ya mtoto na simu, au kubeti, halafu wanaona klipu ya wanafunzi wanacheka darasani, basi hukumu imeshatoka. Ukitaka kuhakiki, omba mtaala wa chuo uangalie masaa ya mazoezi wodini na mitihani ya vitendo. Na meseji ikikufikia tena usiifowadi, mjibu tu kiupole aliyekutumia.