Baiskeli ya kwanza ya milimani ukubwani: yanayosemwa dukani na yanayotokea njiani Dodoma

Mtu mzima akitamka tu kwamba anataka baiskeli ya gia, ushauri unamiminika. Muuza duka ana lake, jirani ana lake, shemeji aliyeko Dar es Salaam naye anatuma picha. Mwingi hutolewa kwa nia njema, ila umeokotwa kwenye pikipiki, kwenye baiskeli za watoto au kwenye Phoenix za kubebea madumu ya maji, ukabandikwa kwenye chombo cha aina nyingine. Jambo hili linanigusa kwa sababu mtu mzima aliyenunua baiskeli isiyomfaa mara nyingi harudi dukani kulalamika. Huiegemeza ukutani, magoti yanamuuma, na anaamini kwamba yeye ndiye asiyefaa kuendesha.

Nimechukua yale ninayoyasikia sana, nikayapima kwa kile kinachompata mwendeshaji akishaiacha lami na kuingia kwenye njia za ng'ombe.

"Dodoma ni tambarare, baiskeli ya milimani ya nini?"

Mji wetu uko kwenye uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na ni kweli ukitazama kuelekea Bahi unaona tambarare. Lakini baiskeli hizi hazikuundwa kwa ajili ya miinuko peke yake. Matairi yake mapana na fremu yake nene ni kwa ajili ya ardhi isiyo na lami: vumbi laini, kokoto, mchanga wa makorongo, mizizi. Ukitoka nyuma ya Nzuguni au Ntyuka unavikuta vyote hivyo ndani ya kilomita chache, na vilima vya mawe havipo mbali.

"Yenye shokapu mbele na nyuma ndiyo bora"

Hii ndiyo dhana inayokula fedha za watu kuliko zote. Dukani utaambiwa, "Kaka, hii ina shokapu mbili," nawe unaona ndiyo imekamilika. Shokapu nzuri ina kazi mbili: kumeza mshtuko, kisha kurudi taratibu. Kazi ya pili hufanywa na mafuta yaliyomo ndani, na ndiyo inayogharimu. Shokapu ya bei ndogo huwa na springi peke yake. Ukigonga jiwe inazama, halafu inakurusha. Ya nyuma ni mbaya zaidi, kwa sababu kila unapokanyaga pedali ukipanda kilima, sehemu ya nguvu yako inaishia kuibonyeza springi badala ya kukusogeza mbele. Ongeza uzito wa kilo kadhaa na maungio ambayo vumbi letu huyalegeza mapema, utaona kwa nini baiskeli hiyo inachosha.

Historia yenyewe inasaidia kutuliza roho. Baiskeli za milimani zilianzia California miaka ya 1970, watu wakishuka vilima kwa baiskeli nzito za zamani zisizo na shokapu yoyote. Ubingwa wa dunia wa kwanza ulifanyika Durango, Marekani, mwaka 1990, na wakati huo shokapu ya mbele ndiyo kwanza ilikuwa inaingia sokoni. Wengi wao walitegemea matairi, mikono na magoti yaliyokunjwa.

Kwa anayeanza Dodoma, baiskeli yenye uma mgumu wa mbele, yaani usio na shokapu, na matairi ya upana wa inchi 2.1 au zaidi inatosha kabisa, na itakufundisha kuendesha. Ukitaka shokapu, iwe ya mbele tu. Ijaribu hapohapo dukani: kamata breki ya mbele, bonyeza usukani kwa uzito wako, achia. Ikishuka kwa ulaini na kupanda bila kugonga, sawa. Ikilia "ka!" juu au ikicheza mbele na nyuma, irudishe mahali pake.

"Gia 21 zinashinda gia 8"

Usihesabu gia, hesabu meno. Baiskeli nyingi za gia 21 zina meno 48, 38 na 28 mbele, na nyuma yanaanzia 14 hadi 28. Meno 48 mbele kwa 24 nyuma yanazungusha tairi mara mbili kwa kila mzunguko wa pedali. Meno 28 kwa 14 nayo yanazungusha mara mbili vilevile. Hizo ni gia mbili kwa jina tu, na zinazorudiana namna hiyo ni nyingi.

Kinachokuokoa kwenye mwinuko wa kwenda Chuo Kikuu cha Dodoma ni gia nyepesi kuliko zote. Kwenye baiskeli hiyo ni 28 kwa 28, yaani pedali mzunguko mmoja, tairi mzunguko mmoja. Kwa anayeanza hiyo ni nzito. Baiskeli ya gia 8 yenye meno 32 mbele na 42 nyuma inazungusha tairi robo tatu tu ya mzunguko, kwa hiyo unapanda ukiwa umekaa na unaongea. Na kwa kuwa mbele ina sahani moja ya meno, haina kibadilishio cha mbele wala waya wake, hivyo ina vitu viwili pungufu vya kuzibwa na vumbi.

Hata hivyo sitamwambia mtu wa Kongwa au Mpwapwa akatae mfumo wa sahani tatu. Vipuri vyake fundi wa kijijini anavijua, na ukipata wenye meno 22 mbele na 34 nyuma, utapanda kwa wepesi kuliko ile ya 32 kwa 42. Meno ndiyo yanayoamua. Inama, yahesabu, muuza duka asubiri.

"Chukua kubwa, ndiyo imara"

Fremu ikizidi mwili wako huwezi kuirekebisha kwa kushusha kiti, kwa sababu urefu kutoka kiti hadi usukani unabaki uleule. Mgongo unavutika, mikono inakufa ganzi. Kwa kawaida mtu wa sentimita 160 hivi anavaa S, wa 170 hadi 178 anavaa M, na kuanzia 180 kwenda juu ni L, ingawa watengenezaji hutofautiana. Simama juu ya fremu ukiwa umevaa viatu vyako: kati ya bomba la juu na msamba pabaki angalau sentimita 5. Ukiruka vibaya kutoka kwenye kiti utaelewa umuhimu wa nafasi hiyo.

Dhana ya kiti inatokana na hofu hiyohiyo. Watu hutaka wakikaa, nyayo zote zifike chini. Magoti yanabaki yamekunjwa muda wote, na baada ya wiki chache yanaanza kuuma. Kipimo ni hiki: weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukihamishia sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litakunjika kidogo tu, na hapo ndipo panapotakiwa. Ukisimama unateremka kutoka kwenye kiti, hukai juu yake ukitafuta ardhi. Anayejifunza mizani ndiye pekee anayepaswa kukishusha, tena kwa siku zile za kujifunza.

"Tairi likijazwa upepo likawa jiwe, halipati pancha"

Hapa tusiwe na haraka, maana Dodoma miiba ndiyo inayowakatisha tamaa wanaoanza. Mvua zetu hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Zikishakata, mbigili hukauka na kusambaza mbegu zake zenye ncha kando ya kila njia, juu ya miiba ya migunga ambayo ipo mwaka mzima. Mwiba hauzuiwi na upepo mwingi. Unaingia kwenye tairi gumu kama unavyoingia kwenye laini.

Kinachobadilika ni uendeshaji wako. Tairi lililojazwa kupita kiasi linazama kwenye mchanga wa korongo, linateleza kwenye kokoto na kukurusha kwenye mawe. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, haikuandikwa kama agizo la kujaza. Mtu wa kilo 75 mwenye matairi ya inchi 2.2 na tyubu anaweza kuanza na psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 30 hadi 35. Akishuka sana chini ya hapo, jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na kutoboa matundu mawili yaliyokaa sambamba.

Kinga ya kweli dhidi ya mbigili ni tyubu nene, au utepe mgumu unaotandikwa kati ya tairi na tyubu, au dawa ya kuziba pancha inayomiminwa ndani ya tyubu kupitia valvu. Dawa yenye utomvu wa mpira hukauka, na kwa hewa yetu kavu hukauka mapema, hivyo ikague kila baada ya miezi miwili au mitatu. Ukiziba pancha kwa kiraka, usirudishe tairi kabla ya kulipapasa ndani kwa uangalifu. Mara nyingi ncha ya mwiba imebaki humo ikisubiri tyubu mpya.

Chagua pia valvu nene, ile inayofanana na ya gari na pikipiki. Popote wanapojaza upepo bodaboda, nawe utajaza. Valvu nyembamba zinahitaji kiunganishi maalumu, na kama utaipenda baiskeli yenye valvu hizo, nunua kiunganishi siku hiyohiyo ukifunge kwenye funguo zako.

Halafu kuna suala la ukubwa wa tairi, ambalo hata baadhi ya wauzaji hulichanganya. Mtu mwenye gurudumu la 29 anauziwa tairi la 28 la Phoenix kwa kuambiwa kwamba tofauti ni ndogo, litavutika. Halitakaa. Tazama namba ndogo za milimita ubavuni: gurudumu la 26 la milimani ni 559, la 27.5 ni 584, la 29 ni 622. La 28 la Phoenix ni 635, yaani rimu yake ni kubwa kuliko ya 29. Gurudumu kubwa huvuka mawe na mchanga kwa urahisi, na mimi nalipenda kwa ardhi yetu. Lakini kabla ya kulipa pita kwa fundi wa mtaani kwako, Majengo au Chang'ombe au popote ulipo, umuulize ana matairi na tyubu za namba ipi. Jibu lake lina uzito kuliko maneno yangu.

"Bila breki za diski utaumia"

Breki za diski zilizotengenezwa vizuri ni nzuri kweli, hasa kwenye matope na miteremko mirefu. Diski za bei ya chini zinazovutwa kwa waya mwembamba ni habari nyingine. Diski yenyewe hupinda, hukwaruza, na fundi hana raba zake. Kwa nchi kavu kama hii, breki za rimu, yaani za raba zinazobana rimu, zilizorekebishwa vizuri, zenye mikono ya chuma isiyonesanesa, zinasimamisha baiskeli bila wasiwasi. Ukichukua diski za mafuta, uliza kwanza zinatumia mafuta gani: zipo za mafuta ya madini na zipo za mafuta ya breki kama ya gari, na ukiyachanganya unaharibu raba zote za ndani.

Kuhusu "ya kike" na "ya kiume", jibu ni fupi. Dada yangu, fremu inapimwa kwa kimo na urefu wa miguu. Bomba la juu lililoshushwa linamfaa anayevaa gauni au kitenge, na linamfaa pia mzee mwenye nyonga ngumu. Ukivaa suruali na fremu ya S inakutosha, ni yako.

Na umri? Watu wa miaka 45 wananiuliza kama wamechelewa. Mizani hujifunzwa ukubwani vilevile. Fungua pedali zote mbili, ukikumbuka kwamba ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha upande wa saa. Shusha kiti, tafuta uwanja mgumu wenye mteremko mdogo, ujisukume kwa miguu mpaka uweze kuteleza mita kadhaa bila kugusa chini. Pedali zirudi baada ya hapo. Helmeti vaa tangu siku hiyo, tena ya baiskeli, kwa sababu ile ya bodaboda itakupika kichwa kwenye jua la saa nne.

"Iliyotumika ni ya kumrithi mtu matatizo"

Siafiki. Iliyotumika yenye fremu nzuri huishinda mpya yenye mapambo. Ila nenda na rula. Pini za cheni mpya zimepangwa kwa nusu inchi, kwa hiyo pini ya kwanza na ya 25 zina milimita 304.8 kati yake. Ukipima ukakuta zaidi ya 306, cheni imelegea, na huenda imeshayala meno pia. Nenda na sumaku. Ikinata, fremu ni chuma, na ufa mdogo mchomeleaji anaweza kuuziba. Isiponata, kwa kawaida ni aluminiamu, nyepesi, lakini ufa wake usidanganywe kwamba utachomelewa pale barabarani, kwani joto huidhoofisha. Tazama hasa chini ya shingo ya usukani na pale nguzo ya kiti inapoingia. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba ni sababu ya kuondoka.

"Cheni ipakwe oili nyingi"

Na hasa oili chafu iliyotolewa kwenye injini, ambayo mafundi wetu wameizoea kwa Phoenix. Ina chembe za chuma, na ikilowa nje ya cheni inakamata vumbi la Dodoma na kugeuka msasa unaokula meno ya gia. Mafuta yanatakiwa ndani ya maungio ya cheni tu. Weka tone moja kwa kila kiungo, zungusha pedali kinyume kwa dakika moja, kisha futa kwa kitambaa kikavu mpaka cheni isichafue kidole. Miezi ya kiangazi rudia kila baada ya kilomita 100 hivi, na msimu wa mvua kila ukinyeshewa.