Daraja la biashara: jina moja, viti tofauti

Daraja la biashara ni ile sehemu ya mbele ya ndege yenye viti vikubwa na huduma ya karibu zaidi. Watu wengi hudhani jina hilo linamaanisha kitanda. Sivyo. Utakaa vizuri kuliko wa nyuma, lakini uzuri huo unafika wapi, hapo upana wa ndege una sauti kubwa.

Chukua tiketi ya Kenya Airways, Dar es Salaam hadi London kupitia Nairobi. Kipande cha kwanza mara nyingi ni ndege ndogo, Embraer 190: ndani ina upana wa mita 2.74, njia moja ya kupita, na viti 12 vya biashara, kimoja upande huu na viwili upande ule. Kiti ni kipana na mgongo unalala kidogo, basi. Nairobi unahamia Boeing 787-8, karibu mita 5.5 kwa upana, njia mbili, viti 30 vya biashara, na kila kimoja kinanyooka kuwa kitanda. Shinikizo la hewa ya ndani nalo huwekwa kama uko mlimani, mwinuko wa mita 1,800. Ndege nyingi nyingine huruhusu hadi 2,400, ambako hewa ni nyepesi zaidi. Mwili unaiona tofauti hiyo ukishuka asubuhi.

Kitanda kinakula nafasi. Kwenye ndege nyembamba, kila kitanda kinafuta viti ambavyo vingeuzwa, na kwa safari ya saa moja shirika halioni sababu. Ndiyo maana ndani ya Ulaya, kwenye Airbus A320 za Lufthansa au British Airways, "biashara" ni kiti kile kile cha kawaida, cha katikati kikiachwa wazi.

Lakini ukubwa peke yake hautoshi. Viti vya 787 hiyo vimepangwa viwili viwili, kwa hiyo wa dirishani akibanwa haja usiku wa manane, inambidi avuke miguu ya jirani aliyelala. JetBlue, shirika la Marekani, kwa upande wake inavuka Atlantiki kwa Airbus A321 yenye njia moja tu, na kila abiria wa biashara ana kitanda, mlango wake, na akitoka tu yuko kwenye njia.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, soma aina ya ndege iliyoandikwa kwenye kila kipande cha safari, kisha fungua ramani ya viti. Pesa nyingi iende kwenye kipande cha usiku. Cha saa moja na nusu, mimi ningekaa nyuma.